Sauti Iliyotiwa Karantini

Kisemeo kilikuwa ukanda mwembamba wa rangi ya majivu, upana wa vidole viwili, na Mzee Mihayo alikivaa shingoni tangu kuamka mpaka kulala. Ukimtazama akiongea usingeona midomo ikicheza. Kiharusi kilikuwa kimeichukua midomo pamoja na ulimi miaka tisa nyuma, kikamwachia mtetemo tu kooni, mdogo kiasi kwamba daktari wa kwanza kuweka kidole pale alidhani ni mapigo ya moyo. Kisemeo kiliusikia mtetemo ule. Kiliupeleka kwenye kitovu cha nyumba, ile kompyuta iliyokaa kabatini chini ya ngazi na kuendesha kila kitu humo ndani, kuanzia milango hadi jiko. Huko programu iliupambanua mtetemo, ikautafutia neno, na neno likatokea kwenye kipaza sauti kilichobanwa begani mwa mzee. Yote hayo yalikwisha kabla mtu hajapepesa jicho.

Na sauti yenyewe ilikuwa yake. Mihayo alikuwa mkalimani wa mahakama mjini Tabora kwa miaka thelathini na moja, na kila alichotafsiri kilirekodiwa. Mwanawe wa kiume, Msonde, aliziomba rekodi zile, akazichambua usiku na mchana, akaipa programu sauti. Ndiyo maana mzee wa miaka themanini na mbili aliongea kama mtu wa miaka hamsini aliyesimama kando ya kizimba, taratibu, akitamka kila silabi ili hakimu asije akakosea.

Haikuwa programu ya kununua. Msonde alikaa na baba yake miaka miwili wakilirudia neno moja moja, mpaka programu ikajua mtetemo upi ni "maji" na upi ni "majani". Hata baada ya hapo haikuacha kujifunza. Kila siku ilijiandika upya kidogo, kwa sababu koo la mgonjwa halitetemi leo kama lilivyotetemeka jana. Kazi ilipokamilika, Msonde aliitwa kwenda kuhudumia mitambo katika Kambi ya Mwezini. Baba akabaki na binti yake, Kalunde.

Kalunde alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minne, mhandisi wa minara ya umande. Minara hiyo arobaini iliuzunguka mji, ikikamua maji kutoka hewani hata katika kiangazi kile ambacho zamani kiliwafanya watu wa Tabora wapange foleni na madumu. Alikuwa mtu wa vipimo. Kitu kisichopimika kilimsumbua kama punje ya mchanga ndani ya kiatu. Na kwa zaidi ya wiki mbili sasa, kitu cha namna hiyo kilikuwa kikikaa naye mezani kila asubuhi.

"Leo uji una kile," mzee alisema Jumatatu ile, wakati Kalunde akimfuta kidevu. "Kile cha nyuki."

"Asali, Baba."

"Ndiyo. Hicho."

Kalunde aligeuka upande wa jiko ili baba asimwone uso. Mnyamwezi, mtu wa nchi ya nyuki, kusahau neno asali! Kwanza yalikuwa yamepotea majina ya vyombo, sufuria na mwiko. Yakafuata majina ya miezi. Siku moja kabla, baba alimtaja Msonde kuwa ni "yule wa juu". Hakumwambia mtu. Aliomba miadi kwa daktari wa wazee, akapewa tarehe ya mwezi uliofuata, na katika kungoja tarehe hiyo akaanza kufanya yale wanayofanya watu kwa mtu wanayedhani akili yake imeanza kuondoka. Alimjibia wageni. Aliitikia kwa kichwa bila kusikiliza. Chakula alikipanga yeye, na redio aliizima kwa kudhani kelele zinamchosha mzee. Hakufanya hayo kwa ubaya. Alidhani anampunguzia mzigo.

Katika wiki hiyohiyo manispaa ilitangaza habari za mchwa.

Jina lilimfaa kirusi yule. Mchwa halisi hula boriti ndani kwa ndani na kuiacha rangi ya nje iking'aa, na huyu wa kompyuta alifanya vivyo hivyo. Aliingia katika kitovu cha nyumba, akajificha ndani ya programu yoyote iliyokuwa na shughuli nyingi, akala kumbukumbu punje kwa punje. Nyumba moja ilisahau nani mwenyewe ikawafungia watu nje siku mbili. Nyingine ilisahau kiasi cha moto wa kuchemshia maziwa. Na kwa kuwa nyumba za kila mtaa zilikuwa zimeunganishwa, zikigawana umeme, maji na hata nguvu za kufikiri za kompyuta zao, nyumba moja ikiugua jirani hakuwa salama. Amri ikatoka: kufikia Jumamosi adhuhuri, kila kitovu kiwe na kinga iliyoidhinishwa. Kuchagua ipi kulibaki kuwa hiari ya mwenye nyumba.

Kalunde alichagua kinga Alhamisi alasiri. Aliketi sebuleni mbele ya ukuta uliokuwa skrini, akaziita kinga tatu zilizoidhinishwa na kuzipanga kama alivyozoea kupanga zabuni za mabomba.

Ya kwanza iliitwa Kichungi. Ilikuwa na orodha ya virusi wote wanaojulikana, na kila kilichoingia ililinganisha na orodha. Ilikuwa nyepesi na haikusumbua mtu, ila kirusi ambaye hajaorodheshwa aliipita kama mgeni aliyevaa sare. Ya pili ni Bawabu. Huyu alitazama tabia za programu, na alipoona jambo asilolielewa alimwuliza mwenye nyumba: niruhusu au nizuie? Waliomtumia walilalamika kwamba huuliza mno, mara ishirini kwa siku, na kwamba mtu aliyechoka hujibu ndiyo ili aachwe apumzike. Ya tatu ilikuwa Ngao Kuu. Ngao Kuu haikuuliza. Ilisoma kila kitu ndani ya nyumba, na chochote chenye alama za kirusi ilikifunga papo hapo na kukifuta baada ya siku tatu. Katika majaribio, ilikamata virusi mia tisa tisini na wanane kati ya elfu. Bawabu alikamata mia tisa na kumi. Kichungi hakikufika mia saba.

Mzee alikuwa kitini kwake karibu na dirisha.

"Kalunde," alisema. "Usichukue ile. Ile isiyo... ile inayo..."

"Nimesikia, Baba. Ngoja nimalizie."

Alijaribu tena, na tena, na kila mara neno alilolitaka lilikatika kama uzi mbovu. Mara ya tatu Kalunde aliinuka, akamwekea shali mabegani, akamwambia asijichoshe. Kisha akarudi kwenye hesabu zake. Mia tisa tisini na wanane kati ya elfu: ni mhandisi gani angeiacha namba hiyo? Mkataba ulikuwa na vifungu hamsini na viwili. Alivisoma vya mwanzo kwa makini, vya kati kwa haraka, vya mwisho akaviwekea alama ya kukubali.

Ngao Kuu ilianza kazi Jumamosi baada ya staftahi. Ilipita chumba kwa chumba na kutoa taarifa ukutani kwa herufi za kijani. Milango ilikuwa safi, jiko safi, tangi la maji na taa navyo vilevile. Kalunde aliitazama kwa raha ya mtu aonaye kazi ya fundi anayeijua kazi. Ilipomaliza alimwuliza baba kama atakunywa chai. Mzee alimtazama tu. Kalunde alidhani amenuna kwa ajili ya Alhamisi, akauliza tena. Ndipo alipoona kwamba kitaa kidogo cha kisemeo, ambacho kilikuwa hakijazimika mchana hata siku moja kwa miaka saba, kimezimika.

Ukutani palikuwa na mstari mmoja wa njano: *Programu moja inayojibadilisha imetiwa karantini. Itafutwa baada ya siku tatu. Nyumba yako ni salama.*

Alipiga simu kwa wenye Ngao Kuu. Aliyepokea hakuwa mtu, ila ilikuwa sauti ya adabu sana, ikampa pole na kumweleza kwa utulivu kwamba programu inayojiandika upya ina alama kuu ya mchwa, na kwamba kinga yao haina msamaha kwa programu yoyote. Kutokuwa na msamaha ndiko kulikoifanya iwe bora. Jambo hilo limeelezwa katika kifungu cha arobaini na tisa. Kalunde alikifungua kifungu kile, akaikuta alama yake mwenyewe ya kukubali.

Kuongea na mtu aliye mwezini kunataka subira. Maneno huchukua zaidi ya sekunde moja kwenda na nyingine kurudi, na anayeongea asiyezoea hudhani ameudhi. Msonde alimsikiliza dada yake mpaka mwisho, hakumlaumu, akaomba atumiwe taarifa nzima ya karantini. Akaisoma. Akaisoma mara ya pili.

"Dada," alisema mwishowe, "kinga haikukosea."

Kalunde hakuelewa.

"Mchwa yumo. Amejificha ndani ya kisemeo. Ndiyo programu pekee humo ndani inayobadilika kila siku, kwa hiyo ndiyo pekee ambayo mabadiliko yake hayawezi kumshtua mtu. Angekuwa kwenye jiko mngemwona siku ya pili."

"Tangu lini?"

"Siku ishirini na tatu."

Kalunde alirudi nyuma katika siku hizo, moja baada ya nyingine, kama mtu anayehesabu vidole vyake baada ya ajali. Sufuria. Mwiko. Majina ya miezi. Asali.

"Kwa hiyo akili ya Baba..."

"Akili ya Baba ni nzima. Maneno yote alikuwa anayasema. Kisemeo ndicho kilichokuwa hakiyatoi."

Kalunde alikaa kwenye ngazi. Alikumbuka jinsi alivyomjibia baba yake mbele ya wageni, naye yuko palepale, maneno yamemjaa kooni.

Aliuliza kama mchwa anaweza kutolewa na programu ikabaki. Msonde alisema hapana. Ingekuwa programu ya kawaida angekata kipande kibovu na kushona kingine, lakini hii ilikuwa imejifunza huku mchwa akiwa ndani. Mchwa alikuwa amechanganyika na maneno kama chumvi iliyokwisha kuyeyuka mchuzini. Nakala za akiba nazo zilikuwa hivyohivyo, kwa sababu zilijifuta na kujiandika kila wiki mbili. Alichobaki nacho Msonde ni mbegu ya mwanzo kabisa, programu kama ilivyokuwa, na sauti ya baba ndani yake, kabla haijafundishwa hata neno moja.

Kalunde aliuliza jambo la pili, kwa sauti ya chini. Itakuwaje akiifungulia karantini kwa nguvu, amri au si amri, na kumwacha baba aendelee na maneno yaliyobaki?

Kabla Msonde hajajibu, kengele ya mlango ililia. Alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, Zaituni Kapaya, mwuza vitenge, ambaye mjukuu wake alizaliwa wa miezi saba na sasa alilala nyumbani ndani ya kiota. Kiota kilikuwa sanduku la kioo lenye joto, na kitovu cha nyumba ya Zaituni ndicho kilichopima pumzi za mtoto na kukipandishia au kukishushia joto kila dakika. Zaituni alikuja kuuliza kama mhandisi naye amemaliza shughuli ya kinga. Yeye alimchukua Bawabu. Kalunde, kwa mazoea tu, alimwambia kwamba Bawabu alipata alama ndogo katika majaribio.

"Mimi hesabu zile sizijui, jirani," alisema Zaituni. "Nilijiuliza tu, humu ndani nani anategemea nini. Nikaenda zahanati wakaniambia kiota kinajirekebisha chenyewe, nisichukue kinga ya kukurupuka. Basi nikachukua ya kuuliza. Kuulizwa si kazi kubwa."

Alipoondoka, Kalunde hakurudia swali lake kwa Msonde. Ukuta kati ya kitovu chake na kiota kile ulikuwa tofali moja na waya mmoja.

Alivuta kigoda akakaa mbele ya baba yake, karibu, magoti yakigusana. Kabla ya kisemeo walikuwa wakitumia jicho: kufumba mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Alimweleza yote bila kuficha, mchwa na siku ishirini na tatu, karantini, mtoto wa jirani. Kisha akauliza.

"Ulijua kwamba maneno hayatoki?"

Jicho likafumba mara moja.

"Ulikuwa unajaribu kuniambia?"

Mara moja.

"Alhamisi, nilipokuwa nachagua?"

Mara moja, na safari hii lilichukua muda kufumbuka.

Njia iliyobaki ilikuwa moja, na Msonde ndiye aliyeisema. Kompyuta isiyounganishwa na kitu chochote haiwezi kumwambukiza mtu. Kalunde angeweza kukitenga kitovu kabisa na mtaa, kwa mkono, na kukiamshia kisemeo peke yake. Lakini mchwa akiamshwa baada ya kufungiwa hula kwa pupa. Baba angepata nusu saa, labda pungufu. Baada ya hapo hakuna budi kufuta kila kitu. Mzee aliulizwa kama anataka nusu saa hiyo, au anaona ni mateso ya bure. Alifumba jicho mara moja tu, haraka, kama mtu aliyekuwa akingoja swali.

Walifanya Jumapili saa nne asubuhi. Kalunde aliufungua ubao nyuma ya kabati, akang'oa waya wa mtaa, akafunga bomba la maji, akashusha antena. Nyumba ikafa, isipokuwa kitovu kilichokuwa na betri yake. Jokofu likanyamaza, feni ya darini ikasimama, na joto la Oktoba likaingia kama mtu aliyekuwa amezuiwa mlangoni siku nyingi. Simu ya mwezini nayo ilikatika. Msonde alijua itakatika, na alikuwa ameomba jambo moja tu, dada amwandikie kila neno. Kalunde alishika kalamu na daftari, akabonyeza kitufe cha kuamsha.

Kitaa cha kisemeo kikawaka.

"Miaka thelathini na moja," mzee alianza, na sauti ile ya mahakamani ikakijaza chumba, "nilisimama kando ya watu waliokuwa wakihukumiwa. Wauaji nimewatafsiria. Wezi wa ng'ombe nimewatafsiria. Hakuna hata mmoja ambaye hakuulizwa: una la kusema? Humu ndani sikuulizwa."

"Nisamehe, Baba."

"Nitakusamehe. Ngoja nimalizie."

Akasema mengi, na Kalunde akaandika. Alitaka redio iwashwe asubuhi, hata kama yeye mwenyewe hawezi kuiwasha. Uji wa ulezi haupendi na hajawahi kuupenda, ni mama yake Kalunde aliyeupenda. Alieleza kesi moja ya zamani ambapo alikosea neno, mtu akakaa rumande wiki mbili zaidi, naye hajamwambia hakimu mpaka leo. Jina la mtu huyo alilitaja mara mbili ili liandikwe sawasawa. Kwa Msonde alituma maneno machache. Asirudi kwa ajili ya baba. Arudi siku atakayochoka na mwezi.

Kufikia dakika ya kumi na mbili maneno yalianza kutoboka. "Mtoto wa... wa pale, amefikisha... ya mizani?" aliuliza, na Kalunde akaelewa anauliza uzito wa mjukuu wa Zaituni, akaona aibu kwamba hajui. Alisema ataenda kuuliza.

"Uende," alisema mzee. "Sasa futa."

Ilikuwa imepita robo saa tu. Kalunde alimwambia kwamba bado kuna muda, labda dakika kumi nzima, kwamba anaweza kusema lolote, hata lisilo na maana, yeye ataandika.

"Ndiyo sababu," mzee akasema. "Sitaki ya mwisho yawe ya... yasiwe yangu. Futa, Ka..."

Jina halikutoka. Walitazamana. Kidole cha Kalunde kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta, na kwa muda alitamani kuamua yeye, kama alivyoamua mambo yote ya nyumba ile kwa wiki zile zote. Ingekuwa rahisi kungoja tu. Akauliza, "Una hakika, Baba?"

Mzee hakujibu kwa kisemeo. Alifumba jicho, mara moja.

Kalunde akabonyeza.

Wiki iliyofuata aliiondoa Ngao Kuu. Aliichagua kinga upya, safari hii na kigoda chake kikiwa mbele ya kiti cha baba, akimsomea kila kifungu kwa sauti na kungoja jicho. Kazi iliyomchukua saa moja siku ile ilichukua siku mbili. Wakamchukua Bawabu, na Kalunde akaandika barua kazini kwamba minara ataihudumia alasiri, asubuhi zake zina shughuli nyingine. Kisha Msonde akaituma ile mbegu ya mwanzo, tupu kama daftari la mtoto wa darasa la kwanza.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani. Koo la mzee lilikuwa limedhoofika tangu siku za Msonde, na mtetemo uliotoka asubuhi haukufanana na wa saa moja baadaye. Kila programu ilipojiandika upya, Bawabu aliuliza ukutani: niruhusu au nizuie? Mara ishirini, siku nyingine thelathini. Siku za kwanza Kalunde alijibu kwa kukunja uso. Baadaye akagundua kwamba kila akiulizwa humtazama kwanza baba yake, na kwamba kumtazama huko kumekuwa ndiyo mazungumzo yao. Alianza kujua jicho la kuchoka na jicho la kukerwa. Lilikuwepo pia jicho la mzaha, ambalo hakuwahi kulijua, kwa sababu maneno yalipokuwepo hakuwa na haja ya kulitafuta.

Neno la kwanza la kufundisha lilipasa kuwa moja tu, lirudiwe mpaka likae. Kalunde alipendekeza maji. Mzee alifumba mara mbili. Chai? Mara mbili. Akataja jina la Msonde, akataja jina lake mwenyewe kwa haya kidogo, akataja dawa, choo, maumivu. Mara mbili, mara mbili, mara mbili. Hatimaye akazipitia herufi moja moja mpaka neno likajitokeza, na lilipojitokeza alicheka, kisha akaacha kucheka. Wakalirudia neno hilo wiki saba. Kisemeo kilikoroma, kikaguna, kikatoa sauti za vyombo vikigongana. Zaituni alipita mara kwa mara na mjukuu mgongoni, aliyefikisha sasa kilo tatu na nusu, akasema mtoto huyu ataongea kabla ya mzee.

Mvua zilikuwa zimeanza siku neno lile lilipokaa. Upepo uligeuka ghafla ukaleta rasharasha za mvua na baridi, na Kalunde, aliyekuwa akipanga dawa za baba, aliona pazia likipepea karibu na kiti chake. Akaenda dirishani. "Nifunge dirisha, Baba?" aliuliza, na mkono wake ulikuwa tayari umelishika.

"Hapana," ilisema sauti ya mahakamani.

Kalunde akauondoa mkono. Ukutani Bawabu akauliza kama aruhusu, naye akaruhusu. Mvua ikaingia, ikamrushia mzee matone usoni na kulowesha sakafu mpaka miguuni pake, na Kalunde akaenda kutafuta tambara.